Maumivu ya koo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufuatilia dalili na wakati wa kwenda hospitali

Koo likiuma, wengi huuliza kwanza, "Ninywe dawa gani?" Swali lenye faida zaidi ni hili: "Leo ni siku ya ngapi, na koo limekuja na nini kingine?" Majibu yaliyo hapa yanawahusu zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, kwa sababu hapa kwetu Afrika Mashariki koo la mtoto wa umri huo likipuuzwa linaweza kuishia kwenye moyo. Watu wazima nao wana sehemu yao.

Ni dalili zipi zisizosubiri hata kupambazuke?

Ondoka sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane, ukiona mojawapo ya haya:

- Mgonjwa hawezi kumeza mate yake mwenyewe, udenda unamchuruzika.
- Akivuta pumzi unasikia sauti ya kukoroma au mluzi ilhali ametulia, au mbavu zinabonyea kila anapopumua.
- Anakataa kulala chali. Anaketi ameinamia mbele, kidevu amekitoa nje, mdomo wazi.
- Mdomo haufunguki hata vidole viwili kupita, au anaongea kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni.
- Shingo imekakamaa, au imevimba upande mmoja au pande zote.
- Midomo, ulimi au uso umevimba ghafla baada ya kula kitu, kuumwa na nyuki au kumeza dawa.
- Amelegea, hazinduki vizuri, au midomo imekuwa ya buluu.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi naye aende siku hiyo hiyo, koo liwe linauma au la. Na mtoto anayedhaniwa amemeza betri ndogo ya duara, kama ile ya saa au ya rimoti, hasubiri kabisa: betri ikikwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa 2.

Njiani mwache akae vile anavyopumua vizuri, ikiwezekana mapajani mwa mama. Usimlaze kwa nguvu, usimpe maji, na usimkandamize ulimi kwa kijiko ili uchungulie. Kidakatonge (kifuniko cha njia ya hewa kooni) kikiwa kimevimba, kule kumchokoza na kumliza kunaweza kuziba njia ya hewa papo hapo.

Kwa nini niandike? Si nitakumbuka tu?

Hukumbuki. Ukifika zahanati na kuulizwa lilianza lini, unajibu "siku nyingi kidogo". Ukiulizwa homa ilikuwa kiasi gani, unasema "alikuwa wa moto". Kwa maneno hayo mganga hawezi kutofautisha koo la siku 2 na la siku 8, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo, kama tutakavyoona.

Tena parasetamoli huficha. Mtoto akipewa dozi saa 12 asubuhi, saa 2 yuko zahanati ana joto la kawaida na anacheza, mnarudishwa nyumbani. Daftari linaloonyesha nyuzi 38.8 jana usiku na 38.5 alfajiri kabla ya dawa linasema kile ambacho mwili wake umeacha kukisema kwa muda.

Niandike nini, na mara ngapi?

Mara 2 kwa siku zinatosha: asubuhi kabla ya chai, na jioni kabla ya dawa ya usiku. Karatasi yoyote inafaa, hata nyuma ya daftari la shule. Andika siku ya ngapi (siku ya 1 ni ile koo lilipoanza kuuma, hata kama hukuanza kuandika siku hiyo), joto, hali ya kumeza, kama kuna kikohozi, mafua au sauti kukauka, hali ya tezi za shingoni, ulichokiona kooni, amekojoa mara ngapi, na kila dawa aliyokunywa pamoja na saa na kipimo.

Kwa kumeza, neno "anaumwa sana" halisaidii. Tumia namba:

0 – anakula ugali kama kawaida.
1 – anakula, lakini anakunja uso kila tonge.
2 – uji, supu au mtori tu ndivyo vinavyopita.
3 – hata maji ni kwa shida, anakunywa vifunda vidogo.
4 – mate hayapiti. Hapo funga daftari uende hospitali.

Namba ikipanda kutoka 1 kwenda 3 ndani ya siku moja ina uzito kuliko 2 iliyokaa palepale siku tatu.

Naomba mfano wa daftari lililoandikwa vizuri.

Chukua watoto wawili wa nyumba moja, wote koo limeanza Jumatatu. Wa kwanza ana miaka 8:

*Jumatatu, siku ya 1, jioni. Joto 38.7. Kumeza 2. Kikohozi hakuna, mafua hakuna. Kichwa na tumbo vinauma, ametapika mara 1. Tezi chini ya taya zimevimba, nikigusa analia. Koo jekundu. Parasetamoli miligramu 300 saa 1:30 usiku.*

*Jumanne, siku ya 2, asubuhi. Joto 38.4 kabla ya dawa. Kumeza 3. Bado hakuna kikohozi. Madoa meupe kwenye tonsili zote mbili. Amekojoa mara 1 tangu jana usiku.*

Wa pili ana miaka 11:

*Jumatatu, siku ya 1, jioni. Joto 37.6. Kumeza 1. Mafua mepesi, sauti imekauka, macho mekundu kidogo. Shingo kawaida.*

*Jumatano, siku ya 3, asubuhi. Joto 36.9. Kumeza 0. Kikohozi kimeanza.*

Huyu wa pili inaelekea ana virusi vya mafua. Abaki nyumbani, anywe vinywaji kwa wingi. Wa kwanza aende kituo cha afya Jumanne ile ile. Ukisoma kwa makini utaona kuwa si ukubwa wa maumivu pekee uliowatenganisha. Kilichowatenganisha ni homa, tezi, usaha (yale madoa meupe), na kule *kutokuwepo* kwa kikohozi na mafua. Ndiyo maana "kikohozi hakuna" huandikwa, hairukwi.

Joto nipime wapi, na homa inaanzia ngapi?

Kwapani kwa kipimajoto cha kidijitali inatosha. Futa jasho, ncha iguse ngozi si nguo, banisha mkono mpaka kilie. Usipime mara tu baada ya kuoga au akitoka kufunikwa mablanketi. Subiri kama dakika 20. Kwapani, nyuzi 37.5 tayari ni homa, kwa sababu kwapa husoma chini kidogo kuliko ndani ya mwili. Andika "kwapani" kwenye daftari ili anayesoma ajue. Kiganja kwenye paji la uso kinaweza kukuambia mtoto ni wa moto, lakini hakiwezi kukuambia kama leo amepungua kuliko jana.

Nitaangaliaje koo nyumbani?

Fanya hivi tu kama mtoto anapumua vizuri na anameza mate yake. Mkalishe aelekee dirishani, washa taa ya simu, mwambie afungue mdomo na aseme "aaa" kwa sauti ndefu. Mara nyingi hapo hapo unaona, bila kijiko. Kama ulimi unaziba, gusa kwa mpini wa kijiko sehemu ya mbele ya ulimi. Ukifika nyuma atatapika. Sekunde 3 zinatosha. Ukiweza, piga picha: picha ya siku ya 1 na ya siku ya 3 zikiwekwa pamoja zinaonyesha mabadiliko ambayo hakuna anayeyakumbuka.

Katikati utaona kimio kinaning'inia, na kando yake tonsili mbili (wengi husema tonses). Wekundu peke yake haukuambii kitu. Virusi na bakteria wote huleta wekundu. Angalia haya: madoa meupe au ya njano kwenye tonsili, vidoa vidogo vyekundu kwenye kaakaa la juu, kimio kilichosukumwa upande mmoja huku tonsili moja imevimba kuliko nyingine, ambayo ni dalili ya jipu na ni safari ya leo leo, na utando wa kijivu ulionata, ambao ukiguswa hutoa damu. Huo wa mwisho usiubandue. Unaweza kuwa dondakoo, hasa kwa mtoto aliyekosa chanjo ya penta ya wiki ya 6, 10 na 14. Chukua kadi ya kliniki na uende.

Vijiwe vidogo vyeupe vyenye harufu kwenye vitundu vya tonsili, kwa mtu asiye na homa wala maumivu, si ugonjwa. Ni mabaki ya chakula na seli yaliyoganda.

Nitajuaje kama ni virusi au bakteria?

Kwa uhakika hutajua bila kipimo, lakini unaweza kukadiria. Sehemu kubwa ya koo zinazouma huletwa na virusi na hupona ndani ya wiki moja bila antibiotiki. Kwa watoto wa umri wa shule, kama 2 hadi 3 kati ya 10 wana streptokoka wa kundi A, bakteria tunayemwogopa. Kwa watu wazima ni wachache zaidi.

Madaktari hutumia alama. Hesabu 1 kwa kila moja: homa ya 38 au zaidi, hakuna kikohozi, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma, tonsili zimevimba au zina usaha. Ongeza 1 kwa umri wa miaka 3 hadi 14. Toa 1 kwa aliyefikisha 45. Alama 0 au 1, antibiotiki haina kazi. Alama 2 au 3, apimwe. Alama 4 au 5, apimwe au atibiwe. Yule mtoto wa miaka 8 ana 5.

Alama hizi zina mpaka wake. Hata kwa wenye alama 4 au 5, karibu nusu tu ndio wanaokutwa na streptokoka. Ndiyo maana kipimo, kikiwepo, kina maana: hupanguswa tonsili zote mbili na ukuta wa nyuma wa koo kwa kijiti cha pamba, na majibu hutoka kwa dakika chache. Kinachoharibu kipimo ni pamba kugusa ulimi na mashavu badala ya tonsili, au mtoto kuwa ameshakunywa antibiotiki za dukani, ambapo bakteria hujificha na jibu linatoka "hakuna". Kipimo cha damu cha ASO, ambacho baadhi ya maabara hukitoa kwa kila mwenye koo, kinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria huyo. Hakisemi kama koo la leo ni lake.

Pasipo na kipimo, msimamo wetu ni huu: mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa, tezi zinazouma na asiye na mafua wala kikohozi, apelekwe akaonwe kabla ya siku ya 3 kuisha. Kule ambako ugonjwa wa moyo unaotokana na koo ni nadra, mzazi anaweza kungoja. Huku kwetu asingoje.

Moyo unaingiaje kwenye habari ya koo?

Streptokoka ana sehemu zinazofanana na nyama za moyo na viungo. Kinga ya mwili ikijifunza kumpiga yeye, kwa baadhi ya watoto hugeuka na kupiga vali za moyo (milango inayopitisha damu) pia. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi, hospitalini wengine husema homa ya rumatiki. Huja kimya, kwa kawaida wiki 2 hadi 3 baada ya koo kupona, wakati kila mtu ameshasahau. Koo likirudi na bakteria yule yule, moyo hupigwa tena, na kila pigo huacha kovu. Vali hukakamaa au kuvuja. Wako wasichana ambao tatizo hilo hugunduliwa wakiwa wajawazito, pale moyo unaposhindwa kubeba mzigo wa watu wawili. Ndiyo kazi kubwa ya kliniki za moyo kama ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitaka kila nchi iupe ugonjwa huu kipaumbele.

Habari njema imo kwenye hesabu ya siku. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia homa ya baridi yabisi. Siku 9, zikihesabiwa kutoka siku ya 1 iliyoandikwa kwenye daftari lako. Kwa hiyo aliyechelewa mpaka siku ya 6 asikate tamaa akabaki nyumbani, aende.

Koo limepona. Nifunge daftari?

Bado. Weka alama kwenye kalenda kuanzia wiki ya 1 hadi ya 5 baada ya koo, na umtazame mtoto kwa mambo machache: goti au kifundo cha mguu kuvimba na kuuma sana, kisha maumivu kuhamia kiungo kingine, kuhema kwa kazi ndogo ambayo zamani hakuhema, mikono au uso kuchezacheza bila yeye kutaka, mwandiko ukaharibika, vikombe vikamponyoka, mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, uso kuvimba asubuhi. Mkojo na uso vinaelekeza kwenye figo, vingine kwenye moyo na viungo. Lolote likitokea, rudi hospitali na useme wazi: "Aliumwa koo tarehe fulani." Mtoto ambaye mikono inachezacheza hivyo asipigwe shuleni akidhaniwa mzembe. Huo ni ugonjwa.

Naweza kununua antibiotiki dukani nikamaliza?

Hapa ndipo panapoharibika zaidi. Mtu ananunua vidonge vya rangi mbili vya siku 2, homa inashuka, vingine anamwekea jirani. Koo limetulia lakini bakteria yumo.

Dawa ya streptokoka ni penisilini au amoksilini, na bakteria huyu hadi leo anauawa na penisilini, usugu hajaupata. Septrin na tetrasaikilini hazimwondoi kooni, ingawa ni rahisi na zinapatikana kila kona. Mwenye mzio wa kweli wa penisilini hupewa dawa nyingine na daktari.

Vidonge au dawa ya maji ni siku 10 kamili. Siku ya 3 mtoto anacheza mpira. Siku 7 zilizobaki ni kwa ajili ya moyo. Piga hesabu kabla hujaondoka dirisha la dawa. Mtoto wa kilo 20 kwa kipimo cha miligramu 50 kwa kilo anahitaji miligramu 1,000 za amoksilini kwa siku (hicho ndicho kiwango cha juu pia). Kwa vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250, hivyo ni vidonge 4 kwa siku, jumla 40. Kwa chupa ya mililita 100 yenye miligramu 250 katika mililita 5, ni chupa 2. Kwa ile ya miligramu 125, ni chupa 4. Ukipewa chupa moja tu, dozi haitoshi hata ukimaliza mpaka tone la mwisho. Uliza hapo hapo. Chupa ya unga ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye mstari, si zaidi, na itikiswe kila mara. Angalia lebo inadumu siku ngapi ikishachanganywa, maana nyingine huisha kabla ya siku 10.

Njia isiyotegemea kumbukumbu ni sindano moja ya benzathini penisilini kwenye msuli: uniti 600,000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, na 1,200,000 kuanzia kilo 27. Inauma, hilo tusifiche. Lakini ni moja, na imekwisha. Kwa familia ambayo haina uhakika wa kumaliza siku 10, tungeichagua bila kusita. Ichomwe kituoni, palipo na dawa ya kumwokoa mtu mzio ukitokea, na mtoto akae hapo kama nusu saa baadaye.

Baada ya saa 24 za antibiotiki na homa ikiwa imeisha, anaweza kurudi shule.

Nyumbani nimpe nini kupunguza maumivu?

Parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa: mililita 5 za dawa moja zina miligramu 120, za nyingine 250, na kosa la kupima kwa "kijiko" bila kusoma ni mara mbili ya dozi. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo ukiongeza Panadol juu yake unakunywa mara mbili bila kujua. Aspirini isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 16. Ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe na mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, na mtoto aliyeishiwa maji.

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema. Yanafaa kuanzia umri ambao mtoto anaweza kusukutua bila kumeza, kama miaka 6. Tangawizi, ndimu na asali hutuliza, na kutuliza ni jambo jema, ila haviui bakteria. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1. Mafuta ya taa yasipite kooni kwa hali yoyote. Yakiingia mapafuni huunguza.

Kinywaji ni muhimu kuliko chakula. Mtoto asiyekojoa kwa saa 8 hadi 12, midomo imekauka na akilia hatoi machozi, apelekwe hata kama koo lenyewe si baya.

Wanasema kimio kimerefuka, kikatwe. Ni kweli?

Hapana. Tunaomba sana hili lisikike. Mtoto mwenye kikohozi kisichoisha, anayetapika au kukataa kunyonya hutazamwa mdomoni, kimio kinaonekana kirefu, na fundi anaitwa. Lakini kimio hakisababishi kikohozi hicho. Koo likivimba kwa maambukizi, kimio nacho huvimba na kuning'inia zaidi, kisha hurudi. Ni dalili iliyodhaniwa kuwa chanzo. Mara nyingine mtoto hupata nafuu baada ya kukatwa kwa sababu mafua yake yalikuwa yanaisha siku zile zile, na sifa anapata fundi.

Kinachofuata kukatwa ndicho tunachokiogopa: damu inayomezwa kimyakimya usiku mpaka mtoto anapauka, usaha, pepopunda, na virusi vya UKIMWI au homa ya ini kutoka kwenye kifaa kilichotumika kwa wengine. Na kifua kikuu, nimonia au pumu iliyokuwa inaleta kikohozi inabaki palepale, imepoteza wiki kadhaa. Kama mtoto ameshakatwa na unaona anameza mara kwa mara akiwa amelala, anatapika damu au amepauka viganja, mpeleke sasa. Mweleze muuguzi ukweli bila hofu. Akijua kilichotokea atamsaidia haraka.

Ana homa pia. Je, si malaria?

Inaweza kuwa vyote viwili. Malaria haileti usaha kooni, lakini koo jekundu halimkingi mtu na malaria. Kwenye maeneo yenye malaria, mwenye homa apimwe kwa kipimo cha haraka, na jibu likiwa "hana", koo lisisahaulike. Kinyume chake pia: kipimo cha malaria kikisema "anayo", bado angalia koo.

Mimi ni mtu mzima. Niangalie nini cha tofauti?

Koo pamoja na homa, upele, uchovu na tezi nyingi mwilini, wiki 2 hadi 4 baada ya ngono bila kinga, linaweza kuwa maambukizi mapya ya VVU. Pima, na ukiambiwa huna, rudia baada ya miezi 3, kwa sababu kipimo cha haraka huchelewa kuona maambukizi mapya. Kama tukio ni la ndani ya saa 72, usingoje dalili. Nenda uombe dawa za kinga. Utando mweupe kama maziwa mdomoni kwa mtu mzima asiyetumia antibiotiki wala dawa za kuvuta za pumu pia ni sababu ya kupima VVU na sukari.

Anayetumia karbimazole kwa ajili ya goita, akipata koo na homa, aache dawa hiyo na apimwe chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo. Wajawazito, wenye kisukari, selimundu au wanaotibiwa saratani nao wasikae nyumbani wakihesabu siku, waende mapema. Na kijana mwenye koo la wiki 2, tezi za nyuma ya shingo na uchovu mzito anaweza kuwa na virusi vya Epstein-Barr. Akipewa amoksilini mara nyingi hutoka upele mwili mzima. Asicheze mpira kwa wiki 3 au 4, maana bandama huvimba na inaweza kupasuka akipigwa kumbo.

Koo haliishi, wiki ya tatu sasa.

Hilo si koo la mafua tena. Likiwa na kiungulia na ladha chungu asubuhi, huenda ni asidi ya tumbo. Likiuma zaidi siku za kupikia kuni au mkaa ndani, huenda ni moshi. Lakini sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3, uvimbe shingoni usioondoka, damu kwenye mate, au chakula kinachokwama kifuani (kwanza ugali, baadaye hata uji) vinahitaji daktari wa masikio, pua na koo, au kipimo cha kuangalia umio (njia ya chakula) kwa kamera. Saratani ya umio iko juu Afrika Mashariki, na inapogunduliwa mtu hamezi tena kitu huwa imechelewa. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi pamoja na sauti kukauka, pima makohozi kwa ajili ya kifua kikuu.

Tonsili za mwanangu zinarudi kila mara. Ziondolewe?

Upasuaji hufikiriwa pale mtoto anapoumwa mara 7 ndani ya mwaka 1, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3, na kila mara iwe imeandikwa ikiwa na homa, usaha, tezi au kipimo. "Anaumwa kila mwezi" haitoshi kwa daktari wa upasuaji. Mtoto anayekoroma na kukata pumzi usingizini ni habari nyingine. Huyo apelekwe bila kuhesabu.

Nikifika kwa mganga niseme nini kwa dakika chache nilizonazo?

Soma daftari, usisimulie: "Miaka 8, kilo 24. Koo siku ya 2. Joto la juu 38.7 kwapani. Hakohoi, hana mafua. Tezi zinauma, usaha pande mbili. Kumeza 3. Amekunywa parasetamoli saa 12 asubuhi, antibiotiki hajanywa. Hana mzio. Nyumbani kuna mtu mwenye ugonjwa wa moyo wa vali." Hilo la mwisho, kama ni kweli, lisemwe hata usipoulizwa. Ukitoka, andika jina la dawa, kipimo na siku ngapi, na tarehe ya kurudi iwapo homa haijashuka baada ya saa 48 za dawa.